Leza, sindano au upasuaji: kuchagua tiba ya retina iliyoharibiwa na kisukari

Watu wawili wenye kisukari huweza kutoka kwa daktari mmoja wa macho siku ileile, kadi zao zimeandikwa ugonjwa mmoja, retinopathia ya kisukari, ila mmoja kapangiwa leza na mwingine sindano ya ndani ya jicho. Wakikutana nje, kila mmoja huanza kujiuliza kama yeye ndiye aliyepewa tiba duni. Mara nyingi hakuna aliyepunjwa. Jina ni moja, lakini limebeba matatizo mawili, na kila tatizo lina tiba zake. Pale ambapo tatizo moja linatibika kwa njia zaidi ya moja ndipo penye uchaguzi wa kweli, na hapo nguvu ya dawa haiamui peke yake. Swali zito ni kama mgonjwa ataweza kurudi kliniki kwa tarehe aliyopewa, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka.

(Majina ya dawa tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye boksi, ili uyatambue ukiyaona.)

Kwanza jua jicho lina tatizo lipi

Sukari ikikaa juu kwa miaka huchakaza kuta za vishipa vidogo vya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ukuta uliochakaa huvuja. Majimaji yakituama kwenye makula, kile kisehemu cha katikati tunachotumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura ya mtu, huo ndio uvimbe wa makula. Herufi hufifia, na mstari ulionyooka huonekana umepinda.

Uharibifu wa pili ni kuziba. Sehemu za retina zikikosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, ambayo huamsha vishipa vipya viote. Huota kweli, ila ni dhaifu na huota pasipotakiwa: juu ya uso wa retina, kuelekea kwenye ute unaojaza jicho. Vikipasuka, damu humwagika ndani ya ute. Vikikomaa hugeuka kovu, kovu hujikunja, na retina hung'olewa kutoka ukutani mwake. Kwenye kadi hatua hii huandikwa PDR. Ubaya wake ni kwamba haina dalili mapema. Mtu anaweza kusoma mstari wa chini kabisa wa ubao wa herufi huku vishipa vipya vimeshatanda, na siku anayojua ni siku anayoona nyuzi nyeusi zikitiririka mbele ya jicho kama moshi.

Jicho moja linaweza kuwa na yote mawili. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha tiba yoyote, mwulize daktari maswali haya: makula imevimba katikati, ndiyo au hapana? Vishipa vipya vimeota, ndiyo au hapana? Jibu la kwanza hutoka kwenye kipimo cha OCT, picha ya tabaka za retina isiyochoma wala kugusa jicho, inayotoa unene wa makula kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita). Mashine za kampuni tofauti hutoa namba tofauti kwa jicho lilelile, basi ukihama kliniki usishtuke namba ikiruka. Linganisha picha za mashine moja na mashine hiyohiyo. Jibu la pili hutokana na daktari kuikagua retina yote baada ya kupanua mboni kwa matone. Penye shaka hupigwa picha za fluoresini, rangi inayodungwa kwenye mshipa wa mkono. Siku hiyo ngozi na mkojo vitakuwa vya manjano. Si ini, ni rangi inatoka.

Kabla ya vishipa vipya kuna hatua kali inayotambuliwa kwa kanuni ya 4-2-1: madoa mengi ya damu katika robo zote 4 za retina, au mishipa ya vena iliyojikunyata kama shanga katika robo 2, au vishipa vilivyopotoka ndani ya retina katika robo 1. Lolote kati ya hayo likionekana, karibu nusu ya macho ya namna hiyo huingia PDR ndani ya mwaka. Je, uanze sindano mapema kuzuia? Utafiti wa Marekani uitwao Protocol W uliwapa watu aflibercept, dawa ya sindano ya kuzuia VEGF, katika hatua hii. Baada ya miaka 4 matatizo mapya yalikuwa machache, lakini uwezo wa kuona ulikuwa sawa na wa wale waliosubiri na kutibiwa pale tu hali ilipobadilika. Kwa mtu anayekaguliwa kila miezi 2 hadi 4, kusubiri si uzembe. Kwa asiyeweza kurudi, au aliyepoteza jicho la pili kwa ugonjwa huohuo, leza ya mapema ni uamuzi wa busara.

Vishipa vipya vimeota: leza ya kutawanya au sindano?

Leza ya kutawanya, PRP kwenye kadi, huchoma madoa madogo pembezoni mwa retina na kuiacha makula. Sehemu yenye njaa ya oksijeni ikipungua, VEGF hupungua, vishipa vipya hunyauka. Pembezoni hutolewa kafara ili katikati ipone. Ni tiba ya zamani na imethibitika: utafiti mkubwa wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 1976 ulionyesha inapunguza hatari ya kupoteza kuona vibaya kwa zaidi ya nusu.

Inavyofanyika: mboni hupanuliwa, jicho hutiwa matone ya ganzi, kidevu huwekwa kwenye mashine, na lenzi maalumu hushikiliwa juu ya konea, kioo cha mbele cha jicho. Kipimo cha jadi ni madoa 1,200 hadi 1,600, kila doa likiwa na upana wa mikroni 500 juu ya retina na mwako wa sekunde 0.1, yakigawanywa katika vikao 2 au 3 vyenye nafasi ya wiki moja au mbili. Doa zuri ni la kijivu kilichopauka. Doa jeupe kama chokaa limezidi nguvu: linauma, na linaweza kupasua tabaka lililo chini ya retina na kuleta damu.

Mashine mpya hupiga madoa kwa mafungu, kila doa milisekunde 20 tu. Maumivu ni madogo na kikao ni kifupi, lakini hapa ndipo kosa linapojificha. Doa la milisekunde 20 huacha kovu dogo kuliko la jadi, na baada ya muda hupungua zaidi. Mtaalamu akipiga 1,500 ya namna hiyo na kuandika "leza imekamilika", jicho limepata pungufu ya linachohitaji. Kwa kawaida huhitajika zaidi ya 2,000. Vishipa vipya visiponyauka baada ya wiki kadhaa, swali la kwanza liwe: yalikuwa madoa mangapi, ya mwako wa muda gani?

Maumivu hutofautiana kwa mahali. Tukilichukulia jicho kama uso wa saa, kwenye saa tatu na saa tisa hupita neva ndefu, na hapo wengi hushtuka. Usijikaze mpaka uruke. Kichwa kikisogea wakati leza inapiga, mwali unaweza kutua kwenye makula. Sema mapema, upumzishwe, au uombe ganzi ya sindano pembeni mwa jicho.

Gharama ya leza kwa mwili ni ya kudumu. Kuona pembeni hupungua, kuona gizani hupungua, na kutoka juani kuingia ndani ya nyumba huchukua muda zaidi kuzoea. Anayeendesha gari usiku kwa riziki lazima aambiwe hili kabla, si baada. Leza yote ikifanywa siku moja makula inaweza kuvimba, ndiyo sababu ya kuigawa. Tena leza haisafishi damu iliyokwisha kumwagika wala hairudishi herufi zilizopotea. Vishipa vinaponyauka vinaweza hata kuvuja kidogo. Damu kidogo wiki chache baada ya leza haimaanishi imeshindwa, ila lazima daktari aione.

Sindano hufanya kazi upande wa pili: dawa huikamata VEGF yenyewe. Hatua zake zinafaa kujulikana, maana usalama wote uko humo. Matone ya ganzi. Povidoni-iodini ya asilimia 5 moja kwa moja juu ya jicho, ikae angalau nusu dakika. Kichuma chembamba cha kuzuia kope zisifumbe. Kipimo cha kuhesabu milimita 4 kutoka ukingo wa konea, au 3.5 kwa aliyewekewa lenzi bandia, kisha sindano nyembamba ya geji 30 na mililita 0.05 za dawa, sawa na tone moja dogo. Sekunde chache, imekwisha. Mwisho unaulizwa uhesabu vidole au uone mkono ukipita, kuhakikisha presha iliyopanda ghafla haijazuia damu kufika kwenye neva ya kuona.

Wadudu wengi wanaoharibu jicho baada ya sindano hutoka kwenye kope, na wengine mdomoni. Kwa hiyo mhudumu avae barakoa, na asiwepo anayezungumza juu ya jicho lililo wazi, mgonjwa akiwemo. Kinga halisi ni iodini; matone ya antibiotiki nyumbani hayajaonyesha kuongeza chochote. Wapo wanaoomba iodini iachwe kwa sababu inawasha. Usiombe hivyo. Omba isafishwe vizuri kwa maji ya chumvi baada ya sindano. Mzio wa kweli ni nadra.

Jioni yake jicho litakwaruza kana kwamba lina mchanga. Doa jekundu kwenye weupe wa jicho ni la kawaida, na viputo vyeusi vya mviringo vinavyoelea hutoweka kwa siku moja au mbili. Kisicho cha kawaida ni maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, kuona kunakoshuka, na mwanga kuumiza, hasa kati ya siku ya 2 na ya 5. Hayo ni maambukizi ndani ya jicho mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hutokea takriban mara moja katika sindano 2,000 hadi 3,000, na kila saa ina thamani. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

| | Leza ya kutawanya | Sindano za kuzuia VEGF |
|---|---|---|
| Ziara | Vikao 2–3, kisha ukaguzi | Kila wiki 4 mwanzoni, kisha kwa nafasi, kwa miaka |
| Inadumu? | Ndiyo | Wiki kadhaa kwa kila sindano |
| Kuona pembeni na gizani | Hupungua | Hubaki vizuri zaidi miaka ya mwanzo |
| Makula | Inaweza kuvimba | Uvimbe hutibiwa hapohapo |
| Ute ukiwa na damu nzito | Haiwezekani | Inawezekana |
| Ukipotea miezi 6 | Kinga kubwa inabaki | Vishipa vinarudi, na kovu pamoja navyo |

Utafiti wa Protocol S, uliotangazwa mwaka 2015, ulizipambanisha hizi mbili ana kwa ana kwa kutumia ranibizumab, dawa nyingine ya kuzuia VEGF. Baada ya miaka 2 waliodungwa hawakuwa nyuma ya waliochomwa leza. Waliopata uvimbe wa makula walikuwa asilimia 9 upande wa sindano na 28 upande wa leza, na waliohitaji upasuaji wa ute asilimia 4 dhidi ya 15. Kwenye mwaka wa 5 pande zote mbili zilikuwa na wastani wa kuona wa karibu 6/7.5 (kusoma kutoka mita 6 herufi ambazo jicho zima husoma kutoka mita 7.5), na waliofika huko kwa sindano walikuwa wamedungwa wastani wa mara 19 hivi. Ukisoma hapo tu, sindano imeshinda.

Sasa soma mstari wa mwisho wa jedwali. Mwaka 2019 ulichapishwa uchunguzi wa macho 76 ya watu wenye PDR waliopotea kliniki kwa zaidi ya miezi 6. Kati ya macho 46 yaliyokuwa na leza, moja lilikutwa retina imevutwa na kung'oka. Kati ya 30 yaliyokuwa na sindano peke yake, yalikuwa 10. Uchunguzi ni mdogo, lakini unaeleza kile ambacho majaribio hayaoneshi, kwa sababu ndani ya jaribio mgonjwa hupigiwa simu asipofika. Na watu wenye PDR ndio wenye sababu nyingi zaidi za kukosa miadi: figo zinazohitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, vidonda vya mguu, kulazwa, kumtegemea mtu wa kuwasindikiza.

Ndiyo maana ushauri wetu uko hivi. Makula kavu, na huna uhakika wa ziara za kila mwezi: leza, na ikamilike. Makula imevimba na vishipa vipya vipo: anza sindano, makula ikitulia piga leza kwa vikao vilivyoachana, kwa wengi mchanganyiko huu ndio imara kuliko yote. Sindano peke yake iwe ya mtu aliyejipima kwa ukweli akaona atafika, anayejali sana kuona usiku, na ambaye kliniki yake ina utaratibu wa kumtafuta akipotea.

Hali mbili hazina uchaguzi. Vishipa vipya vikiota kwenye iris, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, presha ya jicho hupanda na kuua neva: sindano itolewe mara moja na leza ifuate bila kuchelewa. Na kovu zito likiwa limeshashika retina, sindano inaweza kulikaza ghafla na retina ikang'oka ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Ukiambiwa una "kovu linalovuta", uliza kabla ya kudungwa: je, tarehe ya upasuaji imeshapangwa?

Makula imevimba

Hapa leza imeshuka daraja na sindano ndiyo ya kwanza, ila si kwa kila mtu. Kama unaona 6/7.5 au vizuri zaidi, unaweza kusubiri. Protocol V iliwafuata watu 702 wa namna hiyo kwa miaka 2. Waliopoteza herufi 5 au zaidi kwenye ubao wa herufi walikuwa asilimia 16 kwa sindano za aflibercept, 17 kwa leza na 19 kwa waliosubiri, tofauti isiyo na uzito. Lakini kusubiri kule kulikuwa na masharti: ukaguzi baada ya wiki 8, kisha kila wiki 16, na sindano kuanza mara tu jicho lilipopoteza herufi 10 katika ziara moja, au 5 hadi 9 katika ziara mbili mfululizo. Kusubiri bila kupimwa hakuna utafiti unaokuunga mkono.

Ukishuka chini ya hapo, chagua dawa. Protocol T ya mwaka 2015 ililinganisha tatu: aflibercept miligramu 2, bevacizumab 1.25 na ranibizumab 0.3. Waliokuwa wakiona 6/12 au vizuri zaidi walipata nafuu ileile kwa dawa yoyote. Waliokuwa 6/15 au chini yake waliongeza wastani wa herufi 19 kwa aflibercept, 14 kwa ranibizumab na 12 kwa bevacizumab ndani ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili aflibercept na ranibizumab zilikaribiana. Bevacizumab ilibaki nyuma ya aflibercept.

Bevacizumab ni ya bei ndogo kuliko wenzake kwa mbali, na hilo si jambo la kuonea aibu. Utafiti wa Protocol AC, mwaka 2022, ulianza na bevacizumab na kuwahamishia aflibercept wale tu ambao jicho halikuitikia vya kutosha. Baada ya miaka 2 kuona kwao kulikuwa sawa na kwa walioanza na aflibercept tangu siku ya kwanza. Asilimia 70 walihamishwa njiani, lakini waliobaki hawakupoteza kitu. Sharti lake ni kutokubali kukaa kwenye dawa isiyokufaa kwa sababu tu ni rahisi.

Hatari yake ipo kwingine. Bevacizumab ilitengenezwa kwa wagonjwa wa saratani na huja kwenye chupa kubwa. Dozi za jicho hugawanywa kutoka humo. Mgawaji akikosea usafi, chupa moja huambukiza macho ya watu kadhaa siku moja. Uliza nani kagawa, lini, na kama bomba limekaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Mhudumu mzuri hatakasirika kuulizwa.

Kwa anayetoka mbali zipo dawa zinazokaa zaidi. Faricimab miligramu 6, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, huzuia VEGF pamoja na protini ya pili inayolegeza vishipa, na baadhi ya macho hufikia nafasi ya wiki 16 baada ya dozi za mwanzo. Aflibercept ya miligramu 8 ilifuata mwaka 2023 kwa lengo hilohilo. Brolucizumab nayo hukaa muda mrefu, ila imeshaleta uvimbe ndani ya jicho na kuziba mishipa ya retina kwa baadhi ya watu. Tusingeianza mbele ya hizo nyingine.

Kosa linalotuumiza kuliko yote ni kuacha baada ya sindano ya 3. Mmoja anaacha kwa sababu ameona vizuri, mwingine kwa sababu hajaona tofauti. Ratiba za makula huanza kwa sindano za kila mwezi 4 hadi 6 mfululizo, na mwaka wa kwanza huishia kwenye 9 au 10. Mwaka wa pili hupungua karibu nusu, na huendelea kupungua. Uamuzi kwamba dawa imeshindwa hautolewi kwenye ya tatu.

Steroidi za ndani ya jicho, dawa za kutuliza uvimbe, ni njia ya pili, na kwa watu fulani ni ya kwanza. Kipandikizi cha dexamethasone cha miligramu 0.7 hutoa dawa kwa miezi 3 hadi 4. Cha fluocinolone cha miligramu 0.19 hukaa hadi miezi 36. Ni ziara chache sana. Malipo yake ni mtoto wa jicho, anayekuja karibu kwa hakika kama bado una lenzi yako ya asili, na presha ya jicho kupanda. Kwa dexamethasone presha hufika kileleni wiki ya 6 hadi ya 8, kwa hiyo kipimo cha wiki hizo usikikose hata ukiona vizuri, kwa sababu presha haiumi. Inamfaa aliyekwisha fanyiwa mtoto wa jicho, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo miezi ya karibuni, mjamzito, au aliyeondolewa ute, maana katika jicho lisilo na ute dawa za kuzuia VEGF husafishwa haraka. Haimfai mwenye glakoma iliyokomaa, yaani ugonjwa wa presha ya jicho unaoua neva. Haimfai pia ambaye mfuko wa nyuma wa lenzi umepasuka, kwani kipandikizi huweza kuteleza hadi mbele na kuharibu konea.

Leza ya makula imebaki na kazi ndogo: sehemu inayovuja mbali na katikati, mikroni 500 au zaidi. Ile ya mipigo midogo isiyoacha kovu ilipimwa Uingereza katika utafiti wa DIAMONDS, mwaka 2022, ikaonekana haiko nyuma ya leza ya kawaida pale unene ulipokuwa chini ya mikroni 400. Makula nene kuliko hapo iende kwenye sindano.

Upasuaji wa ute: vitrektomia

Daktari wa macho Robert Machemer aliifungua njia hii mwaka 1970. Leo hufanywa kupitia vitundu vitatu vya geji 23, 25 au 27: ute wenye damu hukatwa na kunyonywa, kovu hubanduliwa taratibu juu ya retina, na leza hukamilishwa papo hapo kutokea ndani. Sindano ya kuzuia VEGF siku 1 hadi 7 kabla hupunguza damu mezani.

Retina ikivutwa hadi kwenye makula, upasuaji hauna mshindani. Kwa damu tupu ndani ya ute, uchaguzi upo. Protocol AB iliwagawa watu 205: vitrektomia pamoja na leza, au sindano za aflibercept. Kwa wastani ndani ya wiki 24 kuona hakukutofautiana kwa uzito, ila waliopasuliwa waliona vizuri mapema, tayari wiki ya 4, na karibu theluthi moja ya waliodungwa waliishia mezani baadaye. Mwenye jicho hilo moja tu, au anayehitaji kurudi kazini upesi, ana sababu ya kupasuliwa mapema. Mwenye jicho la pili zima anaweza kuanza na sindano, huku akipimwa kwa mawimbi ya sauti kila ziara, kwa sababu nyuma ya damu retina inaweza kung'oka bila kuonekana. Ukisubiri damu itue, lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu. Damu hushuka chini na katikati hufunguka.

Ukiwekewa gesi ndani ya jicho ya kuishikilia retina mahali pake, usipande ndege wala mlima mrefu hadi iishe: gesi ya SF6 takriban wiki 2, ya C3F8 karibu wiki 8. Gesi hutanuka pale shinikizo la hewa likishuka, na jicho hupofuka. Gesi ya ganzi iitwayo naitrasi oksidi, ile ya madaktari wa meno na vyumba vya upasuaji, ina hatari hiyohiyo. Vaa kitambulisho mkononi. Mafuta ya silikoni hayana katazo la ndege, ila huhitaji upasuaji wa pili kuyatoa.

Kabla ya kusaini fomu, uliza kama damu bado inafika kwenye makula. Makula iliyokufa kwa kukosa damu hairudi hata retina ikilazwa kwa ustadi wa hali ya juu, na ni haki yako kulijua hilo mapema.

Mengine yanayoamua matokeo

Hakuna tiba kati ya hizi inayofanya kazi vizuri juu ya sukari na presha zilizoachwa. Utafiti wa DCCT, mwaka 1993, uliwafuata wenye kisukari cha aina ya 1: udhibiti makini wa sukari ulipunguza kuendelea kwa retinopathia kwa asilimia 54. Kwa aina ya 2, UKPDS ya mwaka 1998 ilionyesha kudhibiti presha ya damu peke yake kunapunguza kuendelea kwake kwa asilimia 34. Fenofibrate, kidonge cha mafuta ya damu, kilipunguza hitaji la tiba au kuendelea kwa ugonjwa kwa asilimia 27 katika utafiti wa LENS wa mwaka 2024. Mwenye hatua ya awali aulizie, ila figo zipimwe kwanza.

Sukari iliyokuwa juu sana ikishushwa kwa kasi, kwa insulini au kwa dawa kama semaglutide, retina inaweza kuchafuka kwa miezi ya mwanzo kabla ya kutengemaa. Usiache dawa. Kaguliwa macho kabla ya kuanza na tena ndani ya miezi mitatu. Mjamzito akaguliwe mwanzoni mwa mimba. Na aspirini ya moyo usiiache kwa kuogopa damu ya jicho, imechunguzwa, haiongezi.

Ukiwa umeshakosa miadi

Wengi hukosa ziara moja, wakaona aibu, ikawa sita. Rudi hata kama ni mwaka umepita. Ukipiga simu usiombe tu "tarehe ya karibu", sema maneno haya: "Nina PDR, nilikuwa kwenye sindano, ya mwisho ilikuwa mwezi fulani, sijapigwa leza." Sentensi hiyo humwambia anayepanga foleni kwamba jicho lako si la kusubiri miezi mitatu. Nenda na kadi ya zamani, orodha ya sindano na tarehe zake, na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwa kuwa mboni itapanuliwa. Mwambie daktari bila kuficha kilichokuzuia kuja. Kama kitakuzuia tena, omba leza ianze siku hiyohiyo.